"Mmekuta vimeiva": je, kizazi cha babu kilitushinda ujasiri?

Swali la msomaji:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 27, kwetu ni milimani Upare, wilaya ya Same. Nilihitimu shahada ya biashara mwaka 2021, na tangu hapo nimetuma maombi ya kazi hadi nimechoka kuhesabu. Kwa sasa nahudumia kibanda cha miamala ya simu Dar es Salaam, nacho si changu. Kila nikienda nyumbani babu hunisimulia mambo yale yale. Baba yake alilala Same wiki kadhaa pamoja na Wapare wengine wakiipinga kodi ya mbiru, mpaka Mwingereza akasalimu amri. Yeye mwenyewe alibeba mawe ya kujengea shule aliyosoma mama, na mama ndiye binti wa kwanza wa ukoo wetu kufika sekondari. Kisha humalizia: 'Sisi tulianza na mikono mitupu. Ninyi mmekuta vimeiva, na hata kuokota hamuwezi.' Zamani simulizi hizi zilinitia nguvu. Siku hizi zinaniumiza, na nimeanza kukwepa kwenda nyumbani. Je, ni kweli kizazi chao kilikuwa na kitu ambacho sisi hatuna? Mimi na wenzangu wanne tunafikiria kurudi tuanzishe kikundi cha kukausha na kufungasha tangawizi kwa mkopo wa halmashauri. Historia hii ina lolote la kutusaidia, au ni ya kujivunia tu?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali mawili, na nadhani yanakuchanganya kwa sababu babu huyasema kwa pumzi moja. La kwanza ni la hukumu: nani alikuwa bora, wao au ninyi. La pili ni la kazi: yale waliyoyafanya yanaweza kutumiwa leo au hayawezi. Nitaanza na lile la kwanza kwa sababu ndilo linalokuumiza, lakini nitakaa zaidi kwenye la pili, maana huko ndiko urithi wako uliko. Naandika kama mtu aliyetumia maisha yake ya kazi kufundisha historia ya jamii, kwa hiyo utanivumilia nikianza na mwaka 1945.

Kodi ya mbiru ililetwa Upare katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, juu ya kodi ya kichwa iliyokuwapo tayari. Kilichowaudhi watu hakikuwa kutozwa kodi tu, kwani walishazoea kutozwa. Mbiru ilikuwa ya kukadiriwa: mali ya mtu ilikaguliwa, kisha akapangiwa kiasi chake na watu ambao hakuwaamini, kwa vipimo ambavyo hakuvielewa. Mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani hadi Same, kwenye makao makuu ya wilaya, wakakaa huko wakidai kodi ile iondolewe. Miongoni mwa waliotambulika kama viongozi alikuwamo Paulo Kajiru Mashambo. Hadi hapo babu yako anasema kweli tupu, na una haki ya kujivunia kwamba baba yake alikuwamo.

Sasa angalia yale ambayo simulizi za barazani kwa kawaida huyaruka. Waliopingwa hawakuwa Waingereza peke yao. Machifu wa Upare wenyewe waliiunga mkono kodi ile, kwa hiyo ugomvi uliingia ndani ya vijiji na ndani ya koo, na mtu aliyekwenda Same alijua kwamba akirudi atakutana na jirani aliyebaki upande wa chifu. Pili, Mwingereza hakusalimu amri kwa wiki hizo chache. Mvutano uliendelea hadi mwaka uliofuata na kuupita, na watu walirudi makwao bila kujua kama wameshinda au wameshindwa. Tatu, maelfu ya wanaume hawawezi kukaa mbali na mashamba yao kwa muda mrefu hivyo bila watu wengine kulima, kuchunga na kuwapelekea chakula, na watu hao kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake. Wale wa Usangi hawakuishia kwenye kulima: walimkabili ofisa wa wilaya uso kwa uso wakidai jambo lile limalizwe ili waume zao warudi nyumbani. Nashangaa kila mara ninapoona jinsi sehemu hii inavyopotea katika simulizi, kwa sababu bila mama na bibi wa wale wanaume hapangekuwa na wiki ya pili.

Nayasema haya bila nia ya kumpunguzia sifa baba wa babu. Nataka uone kwamba alichokuwa nacho hakikuwa kifua kisichojua woga. Alikuwa na watu wa kumlimia, kero moja inayoeleweka kwa kila mtu, na dai ambalo lingeweza kutamkwa kwa sentensi moja: kodi hii iondolewe. Vitu hivyo vinaweza kutengenezwa. Tukiviita ujasiri wa kuzaliwa nao, tunamwacha mjukuu bila la kufanya isipokuwa kujiuliza mbona yeye hakuzaliwa nao.

Twende kwenye mawe ya babu mwenyewe. Kwa umri wa mama yako nadhani shule ile ilijengwa au kupanuliwa katika wimbi la Azimio la Musoma. Mwaka 1973 serikali ilifuta ada ya shule za msingi, na Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ikikutana Musoma, iliamua kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo mwaka 1977, ilhali mpango wa awali ulikuwa kulifikia lengo hilo mwaka 1989. Miaka 12 ilifutwa kwa azimio moja. Fedha za madarasa hazikuwapo, walimu hawakuwapo, na kilichokuwapo kwa wingi ni wananchi. Kwa hiyo wananchi walijenga. Kwenu mlikuwa na jina la kazi hiyo na utaratibu wake tangu zamani, msaragambo, nao haukungoja azimio la chama.

Niliwahi kuonyeshwa daftari la kamati ya ujenzi wa shule moja ya msingi ya milimani, daftari la kawaida la mistari, jalada lake limeliwa na mende. Safu ya kwanza ina majina ya wakuu wa kaya. Ya pili ina debe za mchanga, ya tatu siku za msaragambo, na ya nne, kwa wino mwekundu, ina faini. Kuna bwana mmoja ambaye safu yake ya faini imejaa kutoka juu hadi chini ya ukurasa, na pembeni mtu ameandika kwa mwandiko mwingine, "amelipa jogoo". Kuna mjane ambaye safu yake ya mchanga ni tupu, na mbele yake imeandikwa "uji wa mafundi". Ukilisoma daftari lile unaacha kuamini kwamba kizazi kizima kiliamka asubuhi moja kikiwa na moyo wa kujitolea. Wako waliojitolea, wako waliokokotwa, na wako waliolipa jogoo. Shule ilisimama kwa sababu palikuwa na mtu wa kuandika nani kaleta nini, na palikuwa na namna ya kumshughulikia asiyeleta bila kumfukuza kijijini.

Inafaa pia ujue kwamba kazi ile haikutoka safi. Walimu walipokosekana, vijana waliomaliza darasa la 7 walipewa mafunzo huku wakifundisha, na hadi leo ukimwita mtu "mwalimu wa UPE", yaani wa mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote, haumsifii. Madarasa yalifurika na vitabu vikawa vichache. Katika miaka ya 1980 uchumi ulipobana wazazi walianza tena kuchangia gharama, na ada ya shule za msingi haikuondolewa tena hadi mwaka 2001. Hata hivyo, kutokana na shule hizo zilizojaa mama yako alijua kusoma, akafika sekondari, na wewe ukazaliwa katika nyumba yenye vitabu. Kizazi cha babu kilifanya jambo kubwa kwa ubora wa wastani, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Kuna dhana nyingine ninayotaka kuiondoa kabla haijakuzoea, kwamba vijana wa zamani hawakulalamika. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa elimu ya juu waliandamana jijini Dar es Salaam hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Sharti lililowachoma zaidi lilikuwa la kukatwa asilimia 40 ya mshahara katika kipindi cha utumishi huo baada ya masomo. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akaghadhibika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na akawarudisha makwao takriban 400. Wengi wao walikubaliwa kurudi masomoni baadaye, nao ndio waliokuja kuwa wazee wanaotuambia kwamba vijana wa leo wanapenda mteremko. Siku hizo wao ndio walioambiwa hivyo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha swali lako, nalo babu halioni kwa sababu aliishi ndani yake. Mabadiliko ya jamii humfungulia kijana njia kwa namna mbili tofauti. Namna ya kwanza ni kuondoa kizuizi: ada inafutwa, ubaguzi wa rangi katika ajira unapigwa marufuku, binti anaruhusiwa kuendelea na masomo. Namna ya pili ni kuzalisha uhitaji: kiti kinabaki wazi na anatafutwa mtu wa kukikalia. Vizazi vingi hupata moja kati ya hizo. Kizazi kilichokuwa kijana mwaka 1961 kilizipata zote mbili kwa wakati mmoja, jambo ambalo hutokea mara chache sana katika maisha ya taifa.

Tazama hali ilivyokuwa. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Waingereza walipoondoka, asilimia 85 ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika, na nchi nzima ilikuwa na wahandisi wawili na madaktari 12 tu. Wanafunzi wote wa sekondari Tanganyika mwaka 1961 walikuwa takriban 12,000. Chuo Kikuu kilianza Oktoba mwaka huohuo katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 14. Upande wa pili, ofisi zote za serikali zilikuwa na viti vya Wazungu waliokuwa wakifunga mizigo. Kijana aliyemaliza kidato cha 4 wakati huo hakutafuta kazi kwa maana unayoijua wewe, kazi ndiyo iliyomtafuta yeye.

Leo wanafunzi wa sekondari nchini wamezidi milioni 2. Watu waliohesabiwa Tanzania mwaka 1967 walikuwa takriban milioni 12, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 61.7. Viti vilivyoachwa na mkoloni vilijazwa mara moja, na aliyekikalia akiwa na miaka 25 alistaafu akiwa na 55 au 60. Katika miaka ya 1990 serikali na mashirika yake yalipunguza wafanyakazi badala ya kuongeza. Kwa hiyo wewe umerithi namna ya kwanza bila ya pili: vizuizi vimeondolewa, lakini uhitaji haukukungoja mlangoni. Tena kuna jambo la uchungu ndani yake. Cheti chako kimepungua thamani sokoni kwa sababu babu na wenzake walifanikiwa. Walitaka kila mtoto asome, na wamepata walichokitaka, ndiyo maana mnagombania nafasi moja mkiwa mamia. Babu anaposema mmekuta vimeiva, anazungumzia vizuizi. Wewe unapomjibu kwamba hakuna kitu, unazungumzia uhitaji. Nyote wawili mnasema kweli, ila kila mmoja anaangalia kitu chake.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni hapana. Sioni ushahidi kwamba walikuwa watu wa namna nyingine. Walikuwa na mazoea ya kufanya mambo pamoja ambayo sisi tumeyaachia yafifie, na walikuwa na bahati ya kihistoria ambayo hawakuitengeneza wenyewe.

Mbona basi simulizi hizi zilikutia nguvu zamani na sasa zinakuumiza? Simulizi ya waliotangulia humsaidia kijana pale inapomwonyesha hatua inayofuata. Ulipokuwa shuleni hatua ilikuwa wazi: soma kama mama. Baada ya mwaka 2021 simulizi imebaki ileile, ila haina tena hatua kwa ajili yako, ina mwanzo na ushindi tu. Nawe uko katikati, mahali ambapo mambo hayajulikani yatakwendaje, na mtu aliye katikati akilinganishwa na mwisho wa mwenzake lazima aonekane ameshindwa. Usimkwepe babu. Badilisha maswali unayomuuliza. Usimwulize walishindaje. Mwulize nani alishika fedha za kamati na kwa nini walimwamini. Mwulize walifanya nini na wale waliokataa kuleta mchanga. Mwulize ni mradi gani walioanza ukafa, maana lazima upo. Mwulize nani aliandika barua, na nani alijua kuzungumza na ofisa bila kumkasirisha. Mwulize pia mama yako, au bibi kama yu hai, nani alipika. Wazee wengi hawajawahi kuulizwa maswali haya, na nimeona mara nyingi kwamba anayeulizwa hivyo huacha kuhubiri akaanza kukumbuka.

Kwa upande wa mabinti nitaongeza moja tu. Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU mwaka 1955, aliwaandikisha maelfu katika muda mfupi, naye alikuwa na elimu ya shule ya msingi tu. Hakuanza kwa kutafuta watu wapya. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma vya lelemama vya Dar es Salaam, ambako wanawake walikwisha kuwa na viongozi wao, michango yao, sare zao na mahali pao pa kukutania, na yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji miongoni mwao. Chama kiliingia katika nyumba iliyokwisha kujengwa na watu wengine kwa sababu nyingine kabisa. Kumbuka hilo unapoufikiria mradi wenu wa tangawizi.

Nije basi kwenye kikundi chenu, na niseme wazi: wazo si baya, na si rahisi. Milima ya Same ni eneo la tangawizi kweli, na Mamba Miamba kuna kiwanda chake, kwa hiyo hamwendi kuwafundisha wakulima zao jipya. Lakini tangawizi mbichi ina maji mengi sana: kilo nne hadi sita mbichi hutoa takriban kilo moja kavu. Bei ya kilo kavu lazima ibebe gharama ya kilo zote hizo, pamoja na kuni au jua, kumenya, kukata na vifungashio. Ninyi wenye shahada ya biashara mnaweza kulipiga hesabu jambo hili kuliko kizazi chochote kilichowatangulia, nami nashangaa kwamba katika barua yako ndefu hakuna bei hata moja. Kabla ya kuomba shilingi ya mtu, nunueni gunia moja, likausheni juu ya turubai au chanja, si chini ambako litaota kuvu, lifungasheni, liuzeni, na muandike kila senti. Gunia hilo litawaambia mengi kuliko semina.

Mkopo wa halmashauri ni halisi. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 kutokana na kasoro za usimamizi na vikundi hewa, ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mkali zaidi wa kuhakiki. Faida yake ni kwamba fedha ni nafuu. Hasara yake ni kwamba huja kwa ratiba ya halmashauri, haiji kwa msimu wa tangawizi, na mkizipokea baada ya mavuno mtakuwa na marejesho bila malighafi. Tena kikundi kinachoundwa kwa ajili ya mkopo mara nyingi hufa siku mkopo unapogawanywa. Mimi ningewashauri muanze kuweka akiba yenu wenyewe kwa mtindo wa VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopeshana, kwa msimu mzima, hata kama ni fedha kidogo, kisha muombe mkopo mkiwa na daftari la kuonyesha. Anayekopesha humwamini mwenye kumbukumbu, na ninyi pia mtajuana: katika watano, mmoja atakuwa yule wa kulipa jogoo, na ni afadhali mmjue mapema.

Njia ya ushirika kamili nayo ina mafunzo ya mkoa wenu wenyewe, matamu na machungu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama chao kikuu cha ushirika. Fedha za kahawa ziliezeka nyumba na kusomesha watoto wengi wa mkoa ule kuliko mpango wowote wa serikali wa wakati huo. Lakini mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika na kuzipa mamlaka za mazao kazi yao, na viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 vilirudi bila imani ya wanachama, vingi vikiwa na madeni. Mkulima atakayekataa kuwauzia tangawizi kwa mkopo ana kumbukumbu ya hayo, yake au ya baba yake. Msimwone mjinga. Mlipeni taslimu misimu ya mwanzo, hata kama ni magunia machache.

Kuna njia ya tatu ambayo hukuitaja: kubaki Dar es Salaam, kuendelea na kibanda, na kuwa tawi la mauzo la kikundi wakati wenzako wawili au watatu wakirudi milimani. Naiona kuwa na busara zaidi kuliko wote watano kuacha vipato kwa siku moja. Baba wa babu alikwenda Same kwa sababu kulikuwa na aliyebaki kulima. Wala kutuma maombi ya kazi huku ukifanya hivyo si usaliti kwa mtu yeyote. Nafasi za Sekretarieti ya Ajira katika utumishi wa umma ni chache, lakini hazijafungwa.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatatua na yanahitaji ukae na mtu ana kwa ana. Kwa katiba ya kikundi na usajili, muone ofisa maendeleo ya jamii wa kata mnakotaka kufanyia kazi, si wa mahali mnapoishi sasa. Mkifika mahali pa kununua mazao kutoka kwa wakulima wengi, muoneni ofisa ushirika wa wilaya kabla hamjaingia mkataba wowote. Kwa ukaushaji, vifungashio na njia ya kupata alama ya ubora ya TBS, nendeni SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mjini Moshi mkiwa na sampuli ya lile gunia mkononi. Ikiwa mtajenga chanja au banda kwenye ardhi ya ukoo, fanyeni kikao cha ukoo na kiandikwe muhtasari wenye saini, hasa kwa kuwa wewe ni binti na kuna siku mjomba au kaka atakumbuka ghafla kwamba umeolewa au utaolewa. Mkiona dalili za mgogoro, tafuteni msaada wa kisheria mapema, kwani kesi ya ardhi iliyochelewa hula mtaji wote.

La mwisho ni kuhusu wewe mwenyewe. Umeandika kwamba simulizi zinakuumiza na kwamba umeanza kukwepa nyumbani. Huzuni ya kukosa kazi ni ya kawaida na mara nyingi hupungua mtu anapopata la kufanya. Lakini ikiwa hulali usingizi kwa wiki kadhaa, huna hamu ya kula, umeacha kupokea simu za watu unaowapenda, au yanakujia mawazo kwamba ingekuwa afadhali usiwepo, hilo si suala la historia wala la tangawizi. Usingoje. Nenda hospitali ya wilaya au ya rufaa iliyo karibu nawe uombe kumwona mtaalamu wa afya ya akili, na umwambie mtu mmoja wa nyumbani, pengine mama, ili asikuache peke yako.

Kama uko salama, basi panda basi likizo ijayo ukiwa na daftari tupu. Mwambie babu kwamba mnataka kuunda kikundi na hamjui mtamfanya nini mwenzenu asiyeleta mchango. Muulize wao walimfanya nini, na uandike atakachojibu kabla hajafika kwenye mawe.